Kabla ya kubadili rimu, kumbuka njia ya kwenda kwa bibi Mang'ula

Ukifika Mikumi mjini na kuiacha barabara kuu ya kwenda Iringa, unakata kushoto kuelekea kusini. Baada ya mwendo mfupi milima ya Udzungwa inaanza kujitokeza upande wa kulia. Kidatu inakuja kwanza, na miwa inayopandwa mpaka karibu na barabara, kisha daraja la Mto Ruaha Mkuu, kisha Mkamba, Msolwa, Sanje na Mang'ula. Kutoka Kidatu hadi Ifakara ni kilomita 66.9, na siku hizi ni lami. Wazazi waliokulia huko wanakumbuka vumbi la kiangazi lililoingia hadi kwenye masanduku ya nguo, na tope la masika lililolaza mabasi njiani.

Lami imebadilisha mambo mengi bondeni, na mojawapo ni aina ya magari yanayokuja nyumbani sikukuu. Zamani aliyekuwa na saluni ya chini aliiacha Morogoro akapanda basi. Sasa kila Desemba utaona Mark II, Mark X, Crown na hata Mercedes za zamani zikipita taratibu kwenye matuta ya vijijini, watoto wamebanana nyuma, vioo vimeshushwa.

Chukua mfano wa familia moja ya aina hiyo. Baba na mama wanaishi Morogoro mjini, wana watoto watatu, na bibi mzaa baba yuko Mang'ula, kilomita mbili kutoka kwenye lami, chini ya mlima. Gari lao ni Toyota Mark X ya toleo la kwanza, lile lililoanza kutengenezwa Japani mwaka 2004. Lina umri wa karibu miaka 20, lakini injini bado inaitika vizuri na viti vyake vinabembeleza. Kwa baba huyu gari hilo ni ushahidi kwamba miaka ya kuhangaika haikupotea bure.

Desemba iliyopita aliamua kulipamba. Akauza rimu za inchi 16 zilizokuja na gari, akanunua spoti rimu za inchi 18, nyeusi zenye ukingo wa fedha, na matairi membamba ya ubavuni. Fundi akamwambia, "Bosi, sasa gari limesimama." Watoto walipiga picha. Mama watoto akauliza swali moja tu, kama kuna hela iliyobaki kwa ajili ya zile kelele za mbele zinazogonga kila wakipita kwenye tuta. Baba akasema hizo zitasubiri Januari.

Walifika Sanje jua likiwa linazama. Lori lilikuja mbele yao likiwa limekula upande wao kidogo. Baba akasogea kushoto, gurudumu likashuka kwenye ukingo wa lami, na lilipopanda tena ukasikika mlio kama wa mlango unaobamizwa. Ubavu wa tairi ulichanika na ukingo wa rimu ukapinda. Tairi la akiba lilikuwa lile dogo la dharura, ambalo huhitaji upepo mwingi kuliko matairi ya kawaida, kama PSI 60. Lilikuwa halijaguswa tangu gari linunuliwe, na lilikuwa limelala.

Kijana wa bodaboda akaenda kutafuta pampu. Mama akawapeleka watoto mbali na barabara, chini ya mwembe, mdogo akiwa mgongoni, huku magari yakipita kwa taa kali. Walikaa pale zaidi ya saa moja. Hakuna aliyeumia. Lakini mtoto wa kati aliuliza neno ambalo baba hakulisahau: "Baba, gari letu limekuwa bovu tangu lini?"

Gari lililozaliwa kwa barabara nyingine

Saluni hizi hazikujengwa kwa ajili ya Bonde la Kilombero. Mark II ilitengenezwa tangu mwaka 1968 hadi 2004, kisha Mark X ikachukua nafasi yake hadi 2019. Crown ni kongwe zaidi, ilianza 1955. Zilikusudiwa watu wazima wa Japani waliotaka gari tulivu kwenye barabara laini. Ndiyo maana ziko chini, ndiyo maana zina vipande vingi vya mpira katika miguu yake, na ndiyo maana mtu akipanda moja iliyotunzwa hushangaa jinsi inavyomeza mashimo madogo bila kumwamsha mtoto aliyelala.

Utulivu huo una gharama. Kila kipande cha mpira huzeeka, kiwe kimetumika au hakijatumika. Gari la miaka 20 linapofika kwetu, mara nyingi bushi zimeshapasuka, shokapu zimeshalegea, na boljointi zinacheza. Mnunuzi haoni hayo. Anaona rangi, viti na rimu, na pesa yake ya kwanza inakwenda kwenye kitu anachokiona.

Kupenda gari lipendeze si kosa. Mzazi anayefanya kazi mwaka mzima ana haki ya kufika nyumbani na kitu cha kujivunia. Kinachohitaji kufikiriwa ni mpangilio, kipi kianze na kipi kifuate.

Namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi

Kila tairi lina maandishi ubavuni ambayo mzazi yeyote anaweza kuyasoma akiwa na simu yenye kikokotoo. Mark X nyingi za toleo la kwanza zilitoka kiwandani na matairi ya 215/60R16. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 60 ya upana huo. Namba ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Asilimia 60 ya 215 ni milimita 129. Huo ndio mpira uliopo kati ya rimu na barabara. Sasa chukua 225/45R18, saizi ya spoti rimu alizofunga yule baba. Asilimia 45 ya 225 ni kama milimita 101. Milimita 28 za mpira zimetoweka na nafasi yake imechukuliwa na chuma.

Wengi hudhani rimu kubwa inanyanyua gari. Ukipiga hesabu ya tairi zima, la inchi 16 lina kipenyo cha milimita 664 hivi, na lile la inchi 18 lina milimita 660. Gari halikupanda hata kidogo, limeshuka kwa milimita mbili. Urefu kutoka ardhini ni uleule, ila sasa mto wa upepo uliokuwa unalinda rimu na migongo ya abiria umepungua kwa zaidi ya sehemu moja ya tano.

Saizi hiyo ya inchi 18 yenyewe si haramu, kwani hata kiwandani Mark X ziliuzwa nazo. Kwenye lami safi ya mjini gari hushika kona vizuri na usukani hujibu haraka. Lakini safari ya kwa bibi haiishii kwenye lami safi. Ina ukingo wa barabara uliokatika, ina tuta lisilo na alama, ina kilomita mbili za mawe na mifereji iliyochimbwa na maji ya mlimani.

Kuna namba nyingine inayopuuzwa, tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu ubavuni, kwa mfano 2319. Hiyo ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, wakati tairi lilipotengenezwa. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata nzuri, limepakwa dawa linang'aa, kumbe limekaa miaka kumi na mpira wake umekauka. Anayenunua rimu pamoja na matairi yake asome tarakimu hizo kabla ya kutoa pesa.

Funzo la reli mbili za Kidatu

Hapo Kidatu kuna kitu ambacho mzazi anaweza kuwaeleza watoto wakati gari linapita, na kinahusu rimu pia. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China, ina kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Upana kati ya vyuma vyake viwili ni milimita 1,067. Kidatu inafikiwa pia na tawi la reli ya zamani kutoka Kilosa, ambayo upana wake ni milimita 1,000.

Tofauti ni milimita 67 tu, pungufu ya upana wa kiganja. Lakini kwa sababu ya milimita hizo, behewa la reli moja haliwezi kuendelea na safari kwenye reli nyingine. Mzigo lazima ushushwe huku upakiwe kule. Chuma hakina habari ya kukaribiana, ama kinaingia au hakiingii.

Rimu nazo ziko hivyo. Mark II, Mark X na Crown hutumia nati tano, na duara linalopita katikati ya matundu hayo matano lina kipenyo cha milimita 114.3. Mercedes nyingi nazo zina matundu matano, lakini duara lao ni milimita 112. Kwa macho huwezi kutofautisha. Kuna mafundi ambao hulazimisha, wanakaza nati mpaka rimu "inakubali". Nati iliyokazwa ikiwa imepinda haikai sawasawa kwenye tundu lake. Barabarani gurudumu huanza kutetemeka, nati hulegea, na boliti inaweza kukatika.

Tundu kubwa la katikati nalo lina kipimo. Kwa saluni hizo za Toyota ni milimita 60.1. Rimu za kununua mara nyingi huwa na tundu kubwa zaidi ili ziingie kwenye magari mengi, na pengo lililobaki hujazwa na pete maalumu. Bila pete, gari likifika mwendo wa kilomita 80 usukani unaweza kutetemeka hata baada ya kubalansi. Fundi anayejali atalitaja jambo hili kabla hujamuuliza.

Miguu ya gari

Kituo cha reli cha Mang'ula si mbali na makazi, na watoto wa huko hukua wakisikia treni. Wakati wa ujenzi wa reli, Mang'ula ilikuwa moja ya kambi kubwa, na palijengwa karakana kubwa ya mashine kwa ajili ya kazi hiyo. Wazee wa Mang'ula wameishi na chuma, mafuta na springi tangu enzi hizo.

Mtoto akitazama chini ya behewa ataona springi nene zimekaa juu ya magurudumu. Akitazama chini ya reli ataona mataruma, na chini ya mataruma kokoto. Uzito wa treni unagawanywa hatua kwa hatua kabla ya kufika ardhini. Gari la familia linafanya vivyo hivyo: tairi linameza sehemu ya pigo, springi inameza nyingine, shokapu inazuia springi isiendelee kuruka, na bushi zinameza mitetemo midogo iliyobaki. Ukipunguza kazi ya mmoja, waliobaki wanabeba zaidi. Baba aliyepunguza mpira wa tairi huku shokapu na bushi zake zimechoka alikuwa amewaachia mzigo wote abiria.

Mzazi asiye fundi anaweza kujua hali ya miguu ya gari lake kwa mambo machache. Gari likiwa limesimama, kandamiza kwa nguvu kona moja ya mbele kisha uachie. Shokapu nzima huliacha gari lipande mara moja na kutulia. Likiendelea kunesa mara mbili au tatu, shokapu imechoka. Tazama pia kama shokapu imelowa mafuta. Sikiliza mlio wa kugonga unapopita kwenye tuta taratibu, kwani mara nyingi hutoka kwenye bushi, boljointi au zile fimbo fupi zinazoshika stebilaiza. Pitisha kiganja juu ya tairi kutoka ndani kwenda nje. Likiwa limeliwa upande mmoja, kuna pembe iliyoharibika.

Shokapu hubadilishwa mbili kwa pamoja, za mbele zote au za nyuma zote. Ukiweka mpya upande mmoja na kuacha iliyochoka upande wa pili, gari huvuta linapofunga breki ghafla. Wengi hununua spea za mtumba kutoka Japani, na Ilala na Gerezani jijini Dar es Salaam zimejaa maduka hayo. Kwa mlango, taa au kioo, mtumba hauna tatizo. Kwa kipande cha mpira kama bushi, mtumba ni kununua uzee wa gari la mtu mwingine.

Habari za spesa

Mtu akilalamika kwamba gari lake linagusa chini, shauri la kwanza analopewa mtaani ni spesa, vile vipande vinavyowekwa juu ya springi ili gari linyanyuke. Ni rahisi, na gari linapanda siku hiyohiyo.

Kinachobaki bila kusemwa ni kwamba miguu ya Mark X ni mkusanyiko wa mikono kadhaa mbele na nyuma, kila mmoja umewekewa pembe yake. Ukisukuma mwili wa gari juu, mikono yote inainama zaidi. Boljointi zinafanya kazi karibu na mwisho wa uwezo wake, bushi zinakaa zimejipinda hata gari likiwa limeegeshwa, na matairi hayasimami wima tena. Uzito nao umepanda juu, kwa hiyo gari linayumba zaidi dereva anapokwepa kitu ghafla.

Mwenye njia mbaya kweli anaweza kuweka spesa nyembamba, lakini baada ya bushi na boljointi kuwa nzima, na baada ya hapo gari lipelekwe kwenye mashine ya kupima alaimenti. Asiyefanya hivyo atanunua matairi mapya mara kwa mara na kulaumu barabara. Kabla ya yote apime kwanza kama gari limeshuka kwa sababu springi zimezeeka. Springi mpya za saizi ya kiwandani mara nyingine hurudisha sentimita ambazo watu huzitafuta kwa spesa.

Gunia la mchele kwenye buti

Safari ya kwenda Mang'ula huwa nyepesi. Safari ya kurudi ndiyo nzito. Hakuna bibi wa Kilombero anayemruhusu mwanawe arudi mjini na buti tupu. Mchele lazima, mara nyingi gunia zima, na ndizi, na jogoo aliyefungwa miguu, na nazi. Magunia mawili ya kilo 100 kila moja ni uzito wa watu watatu, na umekaa nyuma ya ekseli.

Hapa tena tairi lina la kusema. Baada ya saizi huja namba ya uwezo wa kubeba. Tairi la 215/60R16 kwa kawaida lina namba 95, yaani kilo 690. Tairi la 225/45R18 la kawaida lina 91, yaani kilo 615. Tofauti ni kilo 75 kwa kila gurudumu. Yapo matairi ya inchi 18 yaliyoimarishwa yanayofika 95, lakini mnunuzi asiyesoma namba hiyo hapewi hayo, anapewa ya bei nafuu.

Upepo nao ubadilike kulingana na mzigo. Kipimo chake kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo pembeni mwa mlango wa dereva, na saizi ya tairi iliyokusudiwa ipo hapohapo. Kibandiko hicho kikionyesha saizi tofauti na iliyofungwa, dereva anapaswa kujua hilo kabla hajapakia watu. Tairi lenye upepo mdogo na mzigo mkubwa hupata joto, na joto ndilo hulipasua. Mambo haya yapimwe asubuhi, matairi yakiwa baridi, kabla jogoo hajaingizwa garini.

Mgongo wa bibi

Siku ya tatu ya ile safari ya rimu nyeusi, bibi alikuwa na miadi Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, kilomita kama 40 kutoka Mang'ula. Rimu iliyopinda ilikuwa imenyooshwa kwa nyundo na tairi jingine limepatikana. Baba alifurahi kwamba safari hii mama yake hatapanda basi. Akamweka kiti cha mbele.

Kabla hawajafika kwenye lami, bibi alishika mshikio wa juu kwa mikono miwili. Kila jiwe lilipita moja kwa moja kwenye kiuno chake. Walipofika barabarani akaomba washuke kidogo.

"Baba," akamwambia mwanawe, "gari lako ni zuri kwa macho. Ila mgongo wangu hauna macho. Nisimamishie basi."

Baba alibaki amesimama kando ya barabara, mkono juu ya boneti ya gari alilolihangaikia mwaka mzima, akimtazama mama yake akipanda basi dogo na kijaluba chake cha dawa. Mama watoto hakusema neno, na kimya chake kilikuwa kizito kuliko lawama.

Mwaka uliofuata

Familia hiyo ilijipanga upya. Spoti rimu ziliuzwa, na pesa yake haikurudi yote. Zikanunuliwa rimu za alumini za inchi 16, za kiwandani, zilizosuguliwa na kupakwa rangi upya. Ikafuata seti ya bushi za mbele, boljointi mbili, fimbo za stebilaiza, na shokapu nne mpya. Ikaja alaimenti. Mwishoni matairi manne ya 215/60R16 yenye namba 95, yote ya mwaka mmoja. Tairi la akiba likajazwa upepo na kupimwa. Haya yote hayakufanyika kwa siku moja. Yalichukua miezi sita, kipande kimoja kwa kila mshahara, na mama watoto ndiye aliyetunza daftari.

Siku ya safari walisimama Doma, kabla ya kuingia kwenye kilomita 50 za barabara zinazokatiza Hifadhi ya Mikumi, ambako hairuhusiwi kushuka ovyo. Baba akatoa spana na kukagua nati moja baada ya nyingine. Rimu iliyofunguliwa na kufungwa upya hukaguliwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100, kwa kuwa hujikalisha. Kwa Toyota nyingi za saluni kipimo cha kukaza ni nyutonimita 103 hivi, na gereji yenye spana ya kupimia itakaza kwa kiwango hicho badala ya kurukia spana kwa miguu.

Walipita Sanje kabla ya saa kumi jioni. Mtoto wa kati alionyesha mwembe. "Pale tulikaa," akasema. Mdogo hakukumbuka, alikuwa amelala. Alilala hivyo kutoka Kidatu hadi kwenye njia ya mawe, na hata kwenye mawe hakuamka.

Siku iliyofuata gari lilipumzika. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992 na yenye makao yake makuu hapohapo Mang'ula, haina barabara za kutalii kwa gari. Kilomita za mraba 1,990 za misitu na milima hutembelewa kwa miguu, mgeni akiwa na mwongozaji. Maporomoko ya Sanje hushuka kiasi cha mita 170, na msituni wapo mbega wekundu wa Udzungwa, na pia nyani wadogo wa Sanje ambao sayansi iliwatambua mwaka 1979 tu. Mkubwa wa watoto alifika kwenye maji akiwa wa kwanza. Baba alifika wa mwisho, akihema, na watoto wakamwambia shokapu zake nazo zimechoka.

Siku ya tatu walikwenda Ifakara. Bibi aliingia kiti cha mbele bila kusema kitu, akashika mshikio kwa mazoea. Walipovuka mfereji wa kwanza akauachia mkono mmoja. Wa pili akauachia wa pili. Kabla ya Kiberege alikuwa ameegemeza kichwa, leso imefunika macho, anasinzia.

Baba akapunguza redio.

Mzazi anayefikiria kuligusa gari lake la zamani kabla ya safari ijayo anaweza kufuata mpangilio huohuo. Aanze na breki na matairi ya saizi iliyoandikwa mlangoni, yasiyo mazee, yenye uwezo wa mzigo atakaobeba. Zifuate shokapu, bushi na boljointi, kisha alaimenti. Akague tairi la akiba na pembetatu ya kuashiria hatari. Baada ya hapo, kama daftari bado lina kitu, anunue rimu anayoipenda, yenye matundu sahihi na mpira wa kutosha kwa njia anayopita. Atapendeza mjini, na bibi naye hatalazimika kusimamisha basi.